Hilux 3L inapiga "tik tik tik" alfajiri, fundi anataka kushusha injini. Nisaidieni kabla sijakubali

#1 Nanasi la Kiwangwa (mleta uzi)

Habari za jioni wakuu.

Nina Hilux ya mwaka 1996, dizeli, injini 3L, ile ya lita 2.8 isiyo na tabo. Nabebea mananasi kutoka Kiwangwa kuleta Mabibo, na msimu ukichanganya inaenda mara tatu kwa wiki.

Hii ni wiki ya tatu. Nikiiwasha alfajiri nyumbani Bunju inapiga tik tik tik, kavu na ya haraka, upande wa nyuma wa injini karibu na ukuta wa kabini. Nikipiga resi, mlio unakimbia pamoja na injini. Nikifika Mapinga unakuwa umepungua sana, siku nyingine siusikii kabisa. Ila nikirudi na mzigo, nikikanyaga huku napita kando ya ukuta mrefu, sauti inanirudia dirishani kwa mbali.

Nilimpelekea fundi. Akalegeza nati za mabomba ya nozeli, moja baada ya nyingine, injini ikiwa inawaka. Alipolegeza ya silinda ya nne, mlio ukakata. Akasema palepale: beringi ya konrodi (mkono unaounganisha pistoni na kranki) namba nne imekwisha, shusha injini, piga ovahoo. Hesabu yake ni milioni mbili na laki sita, na hapo kuchonga kranki hakujaingia.

Mimi nimeshaweka oili nzito ya 20W-50 na chupa moja ya ile dawa ya kutuliza tapeti. Hakuna kilichobadilika. Pikapu hii ndiyo inalipa ada za watoto wawili, na nikiishusha injini sasa hivi msimu unapita niko gereji. Kama kweli ni beringi nitakubali. Nataka tu niwe na uhakika kwanza.

#2 Dereva wa Masafa

Pole mkuu. Fundi wako yuko sahihi. Ukikata dizeli silinda fulani na mlio ukapotea, hiyo ni konrodi. Usiendelee kubeba mzigo, siku itatoboa blok ukiwa njiani usiku.

#3 Kijana wa Ubungo

Tafuta injini ya 5L ya mtumba, funga, maisha yaendelee. 3L zimeshachoka.

#4 Babu wa Gerezani

Mwanangu, usishushe injini kwa kipimo kimoja. Nijibu haya kwanza.

Taa ya oili inawaka kwenye dashibodi ikiwa silensa, yaani injini inawaka bila kukanyagwa? Mlio ni mzito kama mtu anagonga mlango, au ni mwepesi kama kucha juu ya bati? Ukikanyaga klachi unabadilika? Na asubuhi ukikaa ndani ya kabini unasikia harufu ya moshi?

Hilo la harufu usilipite haraka.

#5 Nanasi la Kiwangwa

Shikamoo mzee.

Taa ya oili haiwaki, inazima mara injini inapokamata. Mlio ni mwepesi, kama kucha kabisa, ila una makali. Klachi haibadilishi chochote. Kuhusu harufu, ni kweli, nikiwa nimefunga vioo asubuhi napata moshi kidogo kupitia matundu ya feni. Nilidhani ni uzee wa gari.

#6 Babu wa Gerezani

Marahaba. Basi tulia, nitakuandikia kwa urefu nikifunga kazi.

#7 Fundi Nozeli

Mkuu Nanasi, kuhusu ile dawa: imekula hela yako bure. Dawa za namna hiyo zimetengenezwa kwa injini zenye tapeti za oili, ambazo hujaa oili na kuziba nafasi zenyewe. 3L haina kitu hicho. Kamshafti, mhimili unaofungua vavu, iko juu, inakandamiza kikombe, na juu ya kikombe kuna kisahani cha chuma tunachokiita shimu. Nafasi kati ya kamshafti na shimu ikiongezeka, haiwezi kuzibwa na oili yoyote duniani, inazibwa kwa kubadilisha shimu tu.

Rudi kwenye 15W-40 ya dizeli, kwa joto la Dar inatosha. Oili nzito mno alfajiri inachelewa kupanda juu kwenye kamshafti, na huko ndiko unakotaka ifike mapema.

#8 Mwl. wa Tabata

Naomba ufanye jambo moja ambalo halina gharama. Kesho alfajiri rekodi mlio kwa simu sekunde kumi, injini ikiwa silensa, usikanyage chochote. Kisha ucheze rekodi kwa nusu ya kasi, uhesabu tiki zote. Rudia mara tatu.

Sababu ni hii. Injini hii ni ya mipigo minne. Kranki inazunguka mara mbili ndipo kila vavu ifunguke mara moja, na kila silinda iwake mara moja. Kwa hiyo kitu kinachofuata vavu au mwako wa silinda moja kinapiga mara moja kwa kila mizunguko miwili. Kitu kinachofuata kranki yenyewe kinaweza kupiga kila mzunguko.

#9 Nanasi la Kiwangwa

Nimehesabu mwalimu. Ya kwanza 61, ya pili 60, ya tatu 61. Lakini dashibodi yangu haina saa ya mizunguko, sasa nitalinganisha na nini?

#10 Mwl. wa Tabata

Huhitaji saa. Tiki 61 kwa sekunde 10 ni 366 kwa dakika. Tuseme mlio unapiga kila mzunguko: injini yako ingekuwa inazunguka mara 366 kwa dakika, na dizeli ya namna hii haiwezi kusimama kwenye mizunguko hiyo, ingetetemeka na kuzima. Tuseme unapiga kila mizunguko miwili: inakuwa 732, na hiyo ndiyo silensa ya kawaida ya 3L.

Kwa hiyo mlio unafuata mwendo wa vavu au mwako wa silinda moja. Haijaondoa konrodi kabisa, kwa sababu konrodi iliyolegea inaweza kugonga kwa nguvu pale tu silinda yake inapowaka. Lakini vitu kama feni belti, pampu ya maji na alteneta, vyenye mwendo wao wenyewe, vimesogea mbali.

#11 Mama wa Vifaranga

Msiviondoe mbali sana jamani. Mimi nilikuwa na Hilux ya 2L, inabeba chakula cha kuku Goba. Ilianza kugonga chini mbele, wakafungua silinda hedi, wakaifunga, ikagonga vilevile. Wakafungua oili pani, wakaifunga, ikagonga. Mwisho kijana mmoja akatoa belti ya alteneta akawasha: kimya. Ilikuwa ile pampu ya vakyumu inayokaa mgongoni mwa alteneta kwa ajili ya breki. Mabamba yake ya ndani yalikuwa yameisha. Nilikuwa nimeshalipa kufungua injini mara mbili.

Kaka yangu, toa belti, washa kwa dakika moja tu. Gari lisisogee hata hatua moja, maana bila pampu hiyo breki zinakuwa ngumu kama jiwe. Na usizidishe, pampu ya maji nayo inakuwa imesimama.

#12 Nanasi la Kiwangwa

Asante sana dada. Nimefanya leo. Belti ikiwa imetoka, tik tik iko palepale.

#13 Babu wa Gerezani

Sasa sikilizeni, na wewe Dereva wa Masafa usikie vizuri, maana hapa ndipo injini nyingi nzima zinapofunguliwa.

Fundi wa kijana huyu hakukosea kulegeza nati. Amekosea kusoma jibu. Ukikata dizeli silinda ya nne na mlio ukapotea, umejua nyumba, hujamjua aliyemo ndani. Ndani ya nyumba hiyo wanakaa wengi. Konrodi inayogonga itanyamaza, kwa sababu hakuna mwako wa kuisukuma. Nozeli inayonata itanyamaza, kwa sababu haipelekewi dizeli. Pini ya pistoni itapungua. Na manifoldi ya ekzosi, ile inayokusanya moshi kutoka kwenye silinda, ikiwa inavuja hapo itanyamaza pia, kwa sababu hakuna moto unaotoka kwa nguvu. Wanne wote wanatoa jibu lilelile kwenye kipimo kimoja.

Wanachotofautiana ni tabia. Beringi ya konrodi inazidi kugonga oili ikipata moto, kwa sababu oili inakuwa nyepesi na nafasi inabaki wazi. Ya kwako inapungua ikipata moto. Hilo peke yake lingemfanya fundi asimame. Manifoldi ina tabia ya kinyume: chuma kikipata moto kinatanuka na kujibana, ufa unaziba, mlio unapotea. Injini ikilala usiku kucha, asubuhi ufa umefunguka tena. Nozeli mbovu haijali sana asubuhi wala mchana, na mara nyingi inakuja na moshi mweusi au mweupe pamoja na mtetemo.

Kuna jambo nalisisitiza kwa vijana wangu: kabla hujasema kinachogonga ni nini, amua kwanza ni mlio wa chuma au mlio wa pumzi. Mlio wa chuma unasafiri ndani ya chuma. Weka ncha ya bisibisi ndefu pale, mpini kwenye mfupa wa sikio, utausikia kama uko kichwani mwako. Mlio wa pumzi unasafiri hewani. Bisibisi haikwambii kitu. Hapo chukua mpira wa mita moja, kama ule wa kunyonyea mafuta, ncha moja sikioni na nyingine itembeze juu ya maungio ya manifoldi. Ukipita penye tundu utadhani mtu anakutemea mate sikioni. Weka mpira mbali na feni na belti, na funga mikono ya shati.

Fanya alfajiri, injini ikiwa baridi kabisa. Ukichelewa dakika tano, mwizi ameshakimbia.

#14 Dereva wa Masafa

Mzee nakuheshimu, lakini amesema akibeba mzigo mlio unarudi hata injini ikiwa moto. Konrodi ndiyo hufanya hivyo kwenye mzigo.

#15 Babu wa Gerezani

Swali zuri mwanangu. Mzigo unazidisha mwako, na mwako ukizidi, pumzi inayotoka inazidi pia. Ufa uliokuwa umejibana unafunguliwa kidogo na msukumo. Kwa hiyo mzigo nao ni kipimo cha nyumba, haumtaji mtu. Ndiyo maana nataka presha ya oili ipimwe kwa geji ya mkono, taa pekee haitoshi. Fungua swichi ya oili, funga geji. Injini ikiwa moto, kwenye mizunguko 3000 unataka kuanzia kilo 2.5 hadi 6 kwa sentimita ya mraba, na kwenye silensa isishuke chini ya 0.3. Beringi zilizokwisha zinaachia oili, presha inaanguka, hasa injini ikiwa moto.

#16 Fundi Nozeli

Naongeza usalama. Anayelegeza nati za nozeli asiweke kidole wala uso mbele ya mchirizi. Dizeli inatoka na nguvu ya kupenya ngozi, na ikishapenya ni hospitali siku hiyohiyo, hata kama kidonda kinaonekana kidogo. Funika kwa kitambaa kinene, vaa miwani, legeza nusu mzunguko tu.

Na ukiwa hapohapo, angalia mzizi wa kila nozeli inapoingia kwenye silinda hedi. Ukiona masizi yaliyoganda kama lami kuzunguka moja, pete yake ya shaba (washa) imeacha kubana. Inatoa mlio wa kupumua unaofanana kabisa na wa manifoldi.

#17 Nanasi la Kiwangwa

MREJESHO WA KWANZA

Nimeamka saa kumi usiku. Nimechukua mdogo wangu awashe, mimi nikawa juu ya boneti na tochi.

Bisibisi kwenye kava ya tapeti: nasikia kugonga kwa kawaida, silinda zote zinafanana, ya nne labda imezidi kidogo. Bisibisi ubavuni mwa blok chini kwenye silinda ya nne: hakuna cha ajabu, ni sawa na ya kwanza. Mizizi ya nozeli mikavu, haina masizi.

Nikashika mpira. Silinda ya kwanza kimya. Ya pili kimya. Ya tatu nikaanza kusikia kwa mbali. Ya nne, wakuu, nilitoa mpira sikioni kwa mshtuko. Ilikuwa kama mtu anapuliza njugu sikioni mwangu, puf puf puf, sawasawa na tiki ya nje.

Kisha nikafanya jambo ambalo mzee hajalitaja, nililoelekezwa na jirani yangu dereva wa lori. Nilichanganya maji na sabuni ya unga kwenye chupa ya kupulizia, nikamwambia mdogo wangu azime, tukangoja kidogo, nikapuliza kwenye maungio yote, akawasha tena. Povu likaruka kona ya nyuma kabisa, chini. Halafu akaziba mdomo wa ekzosi kwa kitambaa kilicholowa kwa sekunde mbili tatu, na mlio ukawa mkubwa mara mbili.

Nimepiga presha ya oili mchana baada ya kurudi Kiwangwa na mzigo, injini imechemka vizuri. Silensa ilisoma 1.1, kwenye resi ya juu 4. Nilikaa chini kwenye kivuli cha gari nikampigia mke wangu simu.

#18 Mama wa Vifaranga

Mungu mkubwa. Sasa usipande na vioo vilivyofungwa asubuhi mpaka utengeneze. Ule moshi wa kwenye matundu ya feni ndio huo huo, na moshi wa ekzosi unalewesha dereva bila yeye kujua. Watoto wakipanda mbele ni hatari zaidi.

#19 Dereva wa Masafa

Nakubali, nimeshindwa na ushahidi. Hongera mkuu. Ningekuwa mimi ningekuwa nimeshashusha injini juzi.

#20 Babu wa Gerezani

Kona ya nyuma chini, nina hakika utakuta stadi, ile skrubu inayoshikilia manifoldi, imekatika au haipo. Silinda ya nyuma haipati hewa kama ya mbele, manifoldi inavutwa na uzito wa bomba, na kila siku inatanuka na kusinyaa. Stadi ya mwisho ndiyo inayolipa.

Usimruhusu mtu aitoe kwa koleo la nguvu. Kama imebaki hata milimita tano nje, achomelee nati juu yake, aiache ipoe kidogo, kisha aizungushe taratibu mbele na nyuma. Ule moto wa kuchomelea ndio unaoilegeza. Ikiwa imekatika ndani, ni kutoboa katikati kwa drili ndogo, na mtu wa mkono mtulivu. Akitoboa pembeni ameharibu silinda hedi, na hapo gharama inakuwa nyingine.

Manifoldi ikishatoka, iweke rula ya chuma juu ya nyuso zake zote nne. Mwanga ukipita chini ya rula, imepinda, ipeleke ikasawazishwe kwenye mashine. Ukifunga gasketi mpya juu ya manifoldi iliyopinda, miezi miwili unarudi hapa hapa. Kaza kuanzia katikati kwenda nje, kwa awamu, na baada ya safari chache za kupata moto na kupoa, rudia kukaza.

#21 Nanasi la Kiwangwa

MREJESHO WA PILI

Stadi ilikuwa imekatika, imebaki kama kucha ya kidole. Masizi yalikuwa yamechora mkia mweusi kutoka kwenye maungio hadi chini ya silinda hedi, yaani ulikuwa unaonekana kwa macho kama mtu angetoa ile karatasi ya bati inayofunika manifoldi. Kijana wa kuchomelea pale Ilala alifanya kama mzee alivyosema. Mara ya kwanza nati ilikatika, mara ya pili stadi ikazunguka na kutoka nzima. Manifoldi ilikuwa imepinda kwenye uso wa nne, imepigwa mashine. Gasketi mpya, stadi mbili mpya, nati zote mpya.

Nimewasha alfajiri ya leo. Ule mlio wa kuchoma sikio umeondoka. Moshi ndani ya kabini umeondoka.

Ila nisiwadanganye, sasa nasikia kitu kingine kidogo kilichokuwa kimefichwa nyuma yake. Tiki laini, iko asubuhi na iko mchana, haibadiliki na moto. Bisibisi inaisikia juu ya kava ya tapeti, nyuma.

#22 Fundi Nozeli

Hiyo ni vavu. Ndiyo ile uliyosema "imezidi kidogo" kwenye mrejesho wa kwanza. Fungua kava ya tapeti, injini ikiwa baridi kabisa, pima nafasi zote nane kwa fila geji (vile vipande vyembamba vya kupimia nafasi). Kwa 3L vavu za kuingiza zinatakiwa 0.20 hadi 0.30 mm, za kutoa 0.40 hadi 0.50 mm. Zungusha kranki kwa spana, kila unapopima hakikisha mgongo wa kamu unaangalia kikombe. Andika namba zote kwenye karatasi, hata zilizo sawa.

#23 Nanasi la Kiwangwa

Nimepima na fundi mwingine, kijana mpole anayepima mara mbili. Za kuingiza, kuanzia silinda ya kwanza: 0.25, 0.28, 0.22, 0.27. Za kutoa: 0.33, 0.41, 0.30, 0.62.

Ya nne iko wazi sana, hiyo nimeelewa. Hizo za 0.33 na 0.30 hazitoi kelele, niziache?

#24 Babu wa Gerezani

Usiziache! Hizo mbili ndizo zinazoniumiza kichwa kuliko ile inayolia.

Vavu ya kutoa inapitiwa na moto kila inapofunguka. Inapoa inapokuwa imekaa kwenye siti yake, joto linahamia kwenye silinda hedi. Siku zinavyokwenda vavu inazama kwenye siti, nafasi ya juu inapungua, na mlio unapungua pia, dereva anafurahi kwamba injini imetulia. Nafasi ikiisha kabisa, vavu ikipata moto inarefuka na haifungi tena. Inaanza kuungua ukingoni. Dalili utakayoiona ni gari kuwaka kwa shida asubuhi na kukosa nguvu, na hapo silinda hedi inashuka kweli. Inayolia inakuita. Hizi mbili zilikuwa zinaelekea kuungua kimyakimya.

#25 Fundi Nozeli

Hesabu ya shimu ni hii: unene wa shimu ya zamani, jumlisha nafasi uliyopima, toa nafasi unayotaka. Pima unene kwa maikromita, usiamini namba iliyochapwa juu, inaweza kuwa imefutika au shimu imelika. Mfano ya nne: kama shimu iliyopo ni 2.70, basi 2.70 + 0.62 − 0.45 ni 2.87. Shimu zinapanda kwa 0.05, utachukua 2.85, na nafasi itakuwa 0.47. Iko ndani.

Kuna kifaa cha kukandamiza kikombe ili shimu itoke bila kugusa kamshafti. Fundi asipokuwa nacho atataka kutoa kamshafti, na hapo taiming belti, inayozungusha kamshafti, inatoka. Sasa, belti yako mara ya mwisho ilibadilishwa lini?

#26 Nanasi la Kiwangwa

Aliyeniuzia alisema ni mpya. Hakuna kumbukumbu yoyote.

#27 Fundi Nozeli

Basi toa kamshafti, na weka belti mpya na tensheni yake. Kwenye injini hizi belti hubadilishwa kila kilomita 100,000, ndiyo maana dashibodi ina ile taa ya T-BELT. Ikikatika ukiwa kwenye mwendo, pistoni zinazigonga vavu. Usitumie nusu siku kurekebisha vavu halafu uziache mikononi mwa belti usiyoijua umri.

#28 Nanasi la Kiwangwa

MREJESHO WA TATU

Imekamilika jana jioni. Shimu moja tumeipata kwa kubadilishana zenyewe kwa zenyewe: iliyotoka silinda ya tatu haikufaa popote, lakini iliyotoka ya kwanza ilikuwa 2.85, ikaenda ya nne moja kwa moja. Mbili nyembamba nimezipata Gerezani kwa muuzaji mwenye kopo limejaa shimu za silinda hedi zilizokufa. Tulikaa naye na maikromita karibu saa nzima, mtu mwenye subira sana. Taiming belti na tensheni ni mpya. Ile ya zamani ilikuwa na nyufa kwenye meno, niliikunja ikanionyesha nyuzi zake.

Namba za sasa za kutoa: 0.46, 0.41, 0.45, 0.47. Nimeziandika pamoja na unene wa kila shimu kwenye kadibodi, nimeifunika kwa nailoni na kuigandisha chini ya boneti, ili fundi yeyote atakayekuja aanzie hapo.

Jumla yote, manifoldi, belti, shimu na mafundi, haijafika laki sita. Leo alfajiri nimewasha, nikazunguka gari mara mbili nikiwa nimetega sikio. Inanguruma kama dizeli inavyotakiwa kunguruma. Mzee wangu Babu wa Gerezani, nikipita mjini naomba nije nikusalimie kwa mkono, nina mananasi yako kumi.

#29 Babu wa Gerezani

Karibu sana mwanangu. Usisahau kurudia kukaza nati za manifoldi baada ya safari tatu nne. Injini ikiwa baridi.

#30 Mvuvi wa Kunduchi

Wakuu nimesoma uzi wote. Mimi nina Nissan yenye injini ya TD27, inalia hivyohivyo juu, moto na baridi, haina moshi kabini. Nayo ni shimu?

#31 Fundi Nozeli

Hapana kaka. TD27 inatumia fito za kusukuma na roka, inarekebishwa kwa skrubu na nati ya kufungia, huhitaji shimu wala kutoa chochote zaidi ya kava. Nafasi ni 0.35 mm kwa zote, za kuingiza na za kutoa, na hiyo unapima injini ikiwa ya moto. Ukikaza nati shika skrubu kwa bisibisi isizunguke nayo, halafu pima tena.